Gari Linavuma Mbele Kadiri Mwendo Unavyopanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamelenga magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele: Vitz, IST, Passo, Premio, Fielder, Demio, Fit na mengine ya jamii hiyo yaliyojaa barabarani kwetu. RAV4, Hilux na Land Cruiser zimetajwa kuelekea mwishoni. Mvumo unaozungumziwa ni ule unaoanza taratibu kwenye spidi 40 au 50, ukapanda kadiri unavyokimbia, na ukifika 80 abiria anauliza mbona gari linalia kama ndege inayotaka kupaa. Kama kelele yako ni ya kugonga, kukwaruza, au inatokea ukikanyaga breki tu, utapata machache hapa.

Nitajuaje kama mvumo unatoka kwenye magurudumu na si kwenye injini?

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako, ikiwezekana asubuhi mapema. Fika spidi ambayo mvumo unasikika vizuri, tuseme 60 au 70 pale sheria inaporuhusu, kisha toa mguu kwenye mafuta na uweke gia nyutro. Kwenye gari la otomatiki unasukuma tu mkono wa gia kutoka D kwenda N; magari mengi hayadai hata ubonyeze kitufe. Injini itatulia, gari litaendelea kuserereka. Sasa sikiliza. Mvumo ukikatika pamoja na injini, tatizo liko upande wa injini: oltaneta, beringi ya mkanda, ekzosi inayogusa bodi. Mvumo ukibaki vilevile na kufifia polepole gari linavyopunguza mwendo, chanzo kinazunguka pamoja na magurudumu.

Usizime injini wakati wa jaribio hili. Ukizima, usukani unakuwa mzito, breki zinakosa msaada baada ya kukanyaga mara chache, na ukirudisha ufunguo mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga.

Kuna jaribio la pili la kuthibitisha. Gari likiwa limesimama, pandisha injini mpaka mzunguko uleule ulioona kwenye dashibodi ulipokuwa unakwenda 70. Kukiwa kimya, injini haina kosa.

Basi ni beringi?

Bado. Beringi ni ile ringi yenye gololi ndani inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotelea. Mtu anafika gereji, anasema "gari linavuma mbele", fundi hata hajakaa ndani ya gari anaandika beringi mbili kwenye karatasi ya spea. Zinanunuliwa, zinafungwa, na gari linatoka linavuma kama lilivyoingia. Matairi yaliyoliwa vibaya yana mvumo unaofanana sana na wa beringi iliyoisha, na kwa magari yetu matairi ndiyo ya kushukiwa kwanza kwa sababu moja rahisi: kuyakagua ni bure. Beringi zinafuata, halafu giaboksi au difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu).

Nitatofautishaje mvumo wa tairi na wa beringi?

Anza na lami. Tairi hutoa sauti kwa kukutana na barabara, kwa hiyo barabara ikibadilika na sauti hubadilika. Pita kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza, kisha ingia kwenye lami mpya laini au kwenye zege, kwa spidi ileile. Mvumo ukipungua ghafla au ukabadilika mlio, mshukiwa ni tairi. Beringi haijui umepita juu ya nini. Itavuma vilevile kwenye lami zote mbili. (Zege la njia za mabasi ya mwendokasi za Dar lingefaa sana kwa jaribio hili, lakini usilitafutie faini.)

Kisha tumia kiganja. Gari likiwa limesimama na usukani umekatwa mpaka mwisho ili tairi la mbele lijitokeze, pitisha mkono juu ya kashata, vile vipande vya mpira vilivyochongwa usoni mwa tairi, kuzunguka tairi, halafu rudisha mkono upande wa pili. Tairi zuri ni laini kwenda na kurudi. Likiwa laini ukienda na likakukwaruza ukirudi, kashata zimeliwa mshazari. Ukihisi mabonde na vilima, yaani sehemu zimeliwa na sehemu zimebaki, hilo tairi lazima livume. Pitisha mkono pia upande wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama. Huko ndiko linakoliwa mara nyingi bila mwenye gari kujua. Angalia tu usikatwe na nyaya, maana tairi lililoisha sana huchomoza waya.

Jaribio la kukata mzizi wa fitina ni kuhamisha matairi: ya mbele yapelekwe nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki upande wake, kisha upepo ujazwe upya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Endesha barabara ileile. Sauti ikihamia nyuma, umepata jibu bila kununua spea. Ikibaki mbele vilevile, matairi yameachiwa huru na sasa una haki ya kuanza kutaja beringi. Gharama ni ya kufungua na kufunga nati tu.

Matairi yangu bado mazito na kashata zinaonekana. Yanawezaje kupiga kelele?

Uzito wa kashata na namna zilivyoliwa ni mambo mawili. Gari ambalo alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imekaa vibaya husugua tairi kwa pembeni huku likizunguka, na kashata huchongoka upande mmoja hata kama urefu wake bado ni mkubwa. Shokapu iliyokufa huacha tairi lirukeruke, na kila linapotua linakula kipande. Bushi zilizolegea nazo huleta hayohayo.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi. Kwenye gari linalovutwa mbele, matairi ya nyuma hayana kazi kubwa, yanafuata tu, na yakikaa huko muda mrefu bila kuhamishwa kashata zake huanza kuliwa kwa ngazi. Mvumo upo, ila uko mbali na masikio ya dereva. Siku matairi ya mbele yakiisha, mtu anayaleta ya nyuma mbele, na ghafla gari "limeanza kuvuma mbele". Ukiona mvumo umeanza siku ileile uliyohamisha au kununua matairi, usipoteze muda na kitu kingine.

La pili ni matairi ya baridi. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hushuka bandarini yakiwa yamevaa matairi ya kipindi cha theluji. Ubavuni utaona neno STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu, na kashata zake zina mikato mingi midogo. Kwenye lami yenye joto ya Dodoma au Mombasa mpira huo huliwa haraka, huliwa ovyo, na huvuma. Wauzaji huyasifu kwamba "yamekuja na gari, orijino kabisa". Hayafai hapa, hata kama kashata zimejaa.

Ukiwa hapohapo ubavuni, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hukakamaa, na tairi lililokakamaa lina kelele zaidi.

Nikikata kona mvumo unaongezeka au unapotea. Ina maana gani?

Hiyo ni dalili nzuri kuliko zote, na mara nyingi inaelekeza kwenye beringi. Gari likikata kulia, uzito wake unalalia magurudumu ya kushoto. Beringi mbovu ikibebeshwa uzito inalalamika, ikipunguziwa inanyamaza. Kwa hiyo mvumo ukipanda unapokata kulia, shuku beringi ya kushoto. Ukipanda unapokata kushoto, shuku ya kulia.

Si lazima usubiri kona. Kwenye barabara pana isiyo na magari, ukiwa kwenye 50 au 60, yumbisha usukani taratibu kulia na kushoto, kiasi cha kulihamisha gari bila kulitoa kwenye njia yako. Kipilefti kikubwa nacho kinasaidia: kwetu tunakizunguka tukiwa tumekata kulia karibu muda wote, hivyo magurudumu ya kushoto ndiyo yanayobeba. Bujumbura, Kigali au Bukavu, ambako watu huendesha upande wa kulia, ni kinyume chake.

Tahadhari: beringi nyingi za magari haya zina safu mbili za gololi ndani, na safu ya ndani ikiharibika peke yake dalili inaweza kugeuka. Kwa hiyo kona inakuambia uanzie wapi, lakini usinunue spea kwa ushahidi huo pekee.

Fundi ameinua gari kwa jeki, ametikisa tairi, akasema beringi ni nzima kwa sababu haichezi. Nimwamini?

Kwa sehemu tu. Kutikisa tairi kunatafuta ulegevu. Ukishika juu na chini ukasukuma na kuvuta, ulegevu unaousikia unaweza kuwa wa beringi au boljointi. Ukishika kushoto na kulia, unaweza kuwa wa tairodi (fimbo ya usukani). Ni ukaguzi mzuri na ufanyike. Lakini beringi ya kisasa iliyofungwa kwa sili huvuma muda mrefu kabla haijaanza kucheza. Ndani, njia ya gololi imeanza kumenyeka vipande vidogo, gololi zinapita juu ya makovu, ila nafasi bado imebana. Fundi anayesubiri tairi licheze ndipo akubali kuwa beringi imeisha anasubiri hatua ya mwisho ya ugonjwa.

Mwambie afanye hivi. Gari liwe juu, gia nyutro. Mkono mmoja uzungushe tairi, mkono mwingine ushike koili springi ya upande huohuo kwa vidole vilivyolegea. Springi hupitisha mtetemo vizuri. Beringi nzima: vidole havihisi chochote ila kukwaruza kidogo kwa pedi za breki. Beringi mbovu: utahisi mchangamchanga unaosaga. Fanya hivyo pande zote mbili, kwa sababu kulinganisha ndiko kunakofundisha mkono. Kama breki zinabana na kuharibu usikivu, toa kalipa na diski, uzungushe habu (kitovu cha gurudumu) tupu.

Naweza kufanya ukaguzi huo mwenyewe nyumbani?

Unaweza, ukiheshimu jeki. Sehemu iwe tambarare na ngumu, si mchanga. Vuta hendibreki, weka jiwe au gogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele, kisha weka stendi chini ya sehemu iliyoandaliwa ya bodi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Usiingie chini.

Jambo ambalo sishauri ni kuwasha injini na kuweka gia huku magurudumu ya mbele yakining'inia ili "kusikiliza vizuri". Shafti zinakuwa kwenye pembe mbaya na zinatoa kelele ambazo hazipo barabarani. Gurudumu moja likiwa chini na jingine juu, hilo la juu linazunguka kwa kasi mara mbili ya inayoonyeshwa na spidomita. Na gari likidondoka kwenye stendi likiwa kwenye gia, litaondoka.

Usukani unatetemeka nikifika 90. Ni tatizo hilohilo?

Kwa kawaida hapana. Tairi la 175/65R14, linalovaliwa na baadhi ya magari haya madogo, lina mzingo wa takriban mita 1.83. Kwa spidi 80 linazunguka kama mara 12 kwa sekunde. Tairi lisilo na balansi, au rimu iliyopinda, husukuma mara moja kwa kila mzunguko, yaani mara 12 kwa sekunde. Hiyo ni polepole mno kwa sikio, ila mikono na makalio yanaihisi. Beringi iliyomenyeka hugongwa na gololi moja baada ya nyingine, mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, na kashata za tairi hupiga lami makumi ya mara kwa mzunguko. Hizo ndizo zinazofika kiwango cha kusikika.

Kwa hiyo mtetemo bila sauti: anza na balansi na rimu. Sauti bila mtetemo: tairi lililoliwa au beringi. Vyote viwili kwa pamoja mara nyingi ni tairi, hasa lililovimba au lililokatika nyaya ndani. Tairi lenye nundu liondoe leo.

Sivi jointi, boljointi, shokapu: haziwezi kuvuma?

Kwa nadra sana. Sivi jointi ni maungio ya shafti inayozungusha gurudumu. Ya nje iliyoisha hulia ka-ka-ka ukikata kona huku umekanyaga mafuta. Ya ndani hutetemesha gari unapopandisha mwendo. Boljointi na bushi hugonga kwenye matuta. Shokapu haina sauti ya kuvuma, ila inaharibu tairi, na tairi ndilo linalovuma.

Mvumo unabadilika nikikanyaga mafuta na nikiachia. Na hiyo?

Sasa tunaondoka kwenye magurudumu. Beringi ya gurudumu haijali sana kama injini inavuta au imeachia. Meno ya gia ndani ya giaboksi na difu yanajali mno: ukikanyaga yanabanana upande mmoja, ukiachia yanabanana upande mwingine. Mlio mwembamba unaosikika unapovuta na kukatika unapoachia, au kinyume chake, unaelekeza kwenye difu au beringi za ndani ya giaboksi. Kabla ya kukata tamaa, angalia kiasi na hali ya oili ya giaboksi. Oili ikiwa imepungua, tafuta ilikovujia. Sili ya shafti ndiyo ya kwanza kutazamwa. Oili yenye chembe za chuma zinazomeremeta ni habari mbaya.

RAV4, Noah za kuvuta magurudumu yote manne na jamaa zao zina difu ya nyuma na propela shafti yenye beringi ya katikati. Vyote hivyo vinavuma kufuatana na mwendo, na bodi hubeba sauti mpaka ukaapa inatoka mbele.

Nina uhakika sauti inatoka mbele. Kwa nini fundi anataka kukagua nyuma?

Kwa sababu masikio yako yako mbele. Chuma cha bodi husafirisha mvumo, na beringi ya nyuma kushoto inaweza kusikika chini ya miguu ya dereva. Mpe mwingine usukani, wewe ukae siti ya nyuma, uweke sikio karibu na kila upande. Safari ya dakika kumi namna hiyo ina thamani kuliko maneno mengi.

Inaweza kuwa upepo?

Inaweza, hasa kama mvumo unaanza juu ya 80 na unabadilika siku ya upepo au lori linapokupita. Kagua keria ya juu, kava la plastiki chini ya injini lililolegea, na raba za milango. Kelele ya upepo haijali kona.

Kwa nini beringi za mbele zinakufa mapema kwetu?

Mashimo na matuta yasiyo na alama vina sehemu kubwa. Gurudumu likitua shimoni kwa kasi, gololi zinagandamiza njia yake na kuacha vijidimbwi visivyoonekana kwa nje. Kutoka hapo kila mzunguko unakuza kovu. Gurudumu la kushoto ndilo linalopita pembeni mwa barabara, lami inakomegeka na kushuka kwenye vumbi, kwa hiyo sishangai upande huo ukitangulia.

Maji ni adui wa pili. Beringi iliyotembea ina joto. Ukiitumbukiza kwenye maji ya mafuriko, Jangwani pale Dar au kwingineko, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Gari halitavuma siku hiyo. Grisi inaharibika taratibu, kutu inaanza, na wiki au miezi baadaye mwenye gari hakumbuki tena yale maji. Kunyunyizia habu mashine ya presha kwa karibu huko kwenye kuoshea magari kunafanya kazi hiyohiyo.

Halafu kuna urembo: rimu pana zinazotokeza nje ya bodi na spesa za kusukuma magurudumu nje. Kadiri gurudumu linavyokaa mbali na habu ndivyo linavyoipinda beringi kwa nguvu zaidi. Beringi ilitengenezwa kwa rimu ya kiwandani.

Nilibadilisha beringi mwezi uliopita na mvumo umerudi. Nimeuziwa feki?

Huenda, lakini kabla ya kumgombeza muuza spea, uliza ilifungwaje. Kwenye magari mengi madogo beringi ya mbele ni ya kushindilia: inaingizwa kwa nguvu ndani ya chuma kinachobeba habu, kisha habu inaingizwa ndani ya beringi. Kazi hiyo ni ya mashine ya presi, na ina kanuni moja isiyo na mjadala. Unaposhindilia beringi kwenye chuma, sukuma ringi ya nje. Unapoingiza habu, shikilia ringi ya ndani. Ukisukuma ringi isiyo yake, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinachimba vijidimbwi kwenye njia yake. Beringi inatoka mpya kwenye boksi na inaingia kwenye gari ikiwa tayari imejeruhiwa. Nyundo hufanya hivyohivyo, tena vibaya zaidi. Ukiona fundi anapigilia beringi kwa nyundo na kipande cha bomba, mwambie asimame. Chukua kile chuma upeleke kwenye presi. Gereji nyingi zinazoshughulika na injini wanayo.

Angalia pia habu. Mara nyingi ringi ya ndani ya beringi ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye habu, na wengine huikata kwa grainda. Grainda ikigusa habu na kuacha mkwaruzo mkubwa, au kama habu ililiwa na beringi iliyosagika, beringi mpya haikai sawasawa.

Kisha nati kubwa ya shafti. Ndiyo inayobana beringi kwa kiwango kilichopangwa, na inakazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Corolla nyingi za miaka ya 2000 zinataka Nm 216. Gari lako lina namba yake, itafutwe. Mashine ya upepo "mpaka igome" si kipimo. Nati za kufyatwa ukingo, zile ambazo ukingo wake hupondwa ili zisijifungue, hutumika mara moja tu, kwa hiyo nunua mpya pamoja na beringi. Na gari lisiteremshwe chini wala kusukumwa nati ikiwa haijakazwa, kwa sababu uzito unailalia beringi isiyobanwa na kuitengua.

Baada ya kubadilisha beringi, taa ya ABS imewaka. Kwa nini?

Beringi nyingi za magari mapya zina sumaku ndani ya sili ya upande mmoja, na sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) husoma mwendo kupitia sumaku hiyo. Beringi ikigeuzwa, sensa inatazama upande usio na kitu. Kabla ya kushindilia, sogeza klipu ndogo ya chuma ya kubania karatasi kwenye sili zote mbili. Upande unaoivuta ndio wa sensa. Ikishafungwa kinyume, mara nyingi kuitoa ni kuiharibu, na unanunua nyingine. Uwezekano mwingine ni waya wa sensa uliokatwa au kuvutwa wakati wa kazi, na huo hurekebishika kirahisi.

Ninunue ipi: orijino, ya bei rahisi, au mtumba?

Beringi ya mtumba iliyoshindiliwa usinunue. Kuitoa kwenye gari la zamani kulipitisha nguvu kwenye gololi, kwa hiyo ilijeruhiwa ikitolewa. Habu kamili inayofungwa kwa bolti, kama ilivyo nyuma kwenye magari mengi, haipati jeraha hilo ikitolewa, ila hujui imetembea kiasi gani wala imepita kwenye maji gani.

Mpya, chagua jina linalojulikana: Koyo, NSK, NTN, SKF. Majina hayohayo ndiyo yanayoghushiwa zaidi, na boksi zuri si ushahidi. SKF wana programu ya simu ya kukagua beringi zao, na umoja wa watengenezaji wa beringi duniani, WBA, nao una programu inayosoma alama kwenye boksi za baadhi ya wanachama wake. Zitumie ukiwa dukani, iwe Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, kabla hujalipa. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote ya jirani, muuzaji ameshakujibu.

Ukitoa beringi ya zamani, soma namba yake. Zile zinazoanza na DAC zinajieleza zenyewe: DAC40740042 ni tundu la milimita 40, kipenyo cha nje 74, upana 42. Linganisha na mpya kabla haijaingia kwenye presi, na uulize kama ina sumaku ya ABS, maana vipimo vinaweza kulingana na sumaku isiwepo.

Nibadilishe zote mbili kwa pamoja?

Si lazima. Beringi si pedi za breki. Badilisha iliyokufa, kagua ya pili kwa mkono kwenye springi, ikiwa kimya iache. Anayekwambia "tunabadilishaga zote" mara nyingi hajajua ipi ni mbovu.

Naweza kuendelea kuliendesha mpaka mwisho wa mwezi?

Mvumo mdogo ulioanza juzi, tairi halichezi, unakwenda kazini na kurudi: watu wengi hufanya hivyo, nami sitajifanya sijui. Lakini usianze safari ya Dar kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, na beringi inayovuma. Joto la mwendo mrefu linamaliza grisi iliyobaki, na beringi iliyokuwa inavuma Kibaha inaweza kuwa inasaga chuma kwa chuma kabla ya Singida.

Simama na usiendelee ukiona haya: mvumo umegeuka kuwa kusaga, gurudumu moja lina joto kali kuliko jenzake bila breki kung'ang'ania (sogeza kiganja karibu, usiguse), kuna harufu ya grisi iliyoungua, gari linayumba, au pedali ya breki inazama mara ya kwanza na kurudi juu ukikanyaga tena. Hiyo ya pedali inatokea kwa sababu diski inacheza pamoja na habu na kuzisukuma pedi nyuma. Hatua inayofuata ni gurudumu kulegea, na gurudumu likitoka kwenye mwendo hakuna cha kufanya.

Nina Land Cruiser au Hilux ya zamani. Utaratibu ni uleule?

Majaribio ya barabarani ni yaleyale. Tofauti iko ndani. Zile zenye ekseli nzima mbele hutumia beringi mbili za rola za mshazari kwa kila gurudumu, zinazopakwa grisi na kurekebishwa. Zinaweza kufunguliwa, kuoshwa, kukaguliwa na kurudishwa, kwa hiyo mvumo hauna maana ya kununua mpya moja kwa moja. Nati yake inataka soketi ya milimita 54. Patasi na nyundo, zinazotumiwa na wengi, huiharibu nati na kuangusha vipande vya chuma kwenye grisi. Hukazwa kwanza kwa nguvu huku habu ikizungushwa ili rola zikae, inalegezwa, kisha inabanwa kwa kipimo kidogo. Ikilegea sana gurudumu linacheza. Ikibanwa sana linachemka. Na kama gari limevaa matairi ya matope yenye kashata kubwa, mvumo huo ni wa kuzaliwa nao.

Nikienda gereji nimwambie fundi nini?

Usiseme "nibadilishie beringi". Mweleze unaanza spidi gani, unabaki au unakatika ukiweka nyutro, unabadilika kwenye kona ipi, unabadilika lami ikibadilika, na ulianza lini: baada ya shimo, maji, matairi mapya, au kazi ya gereji nyingine. Kisha mkaribishe aendeshe yeye, wewe ukae pembeni. Fundi akikataa kutoka na gari barabarani na tayari anaandika orodha ya spea, chukua funguo zako.